Nyumba ya Akwii Ina Watu Wangapi?

Malori ya Malaba hayaamki asubuhi, kwa sababu hayalali. Yanapanga foleni usiku na mchana, yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Watu wa hapa wameyazoea kama mama anavyozoea kelele za wanawe.

Jumanne hiyo Akwii alifika Malaba mapema, akiwa nyuma ya bodaboda pamoja na jirani yake, Apolot. Wote wawili ni wakazi wa Moding. Wote wawili huuza njugu. Tofauti yao ni kwamba Apolot ni mjane na mdomo wake hauna breki. Akwii ni mtu wa maneno machache, na ana mume.

Ana mume, ndiyo. Lakini mume mwenyewe, Okwakol, aliondoka Moding miaka miwili na miezi minne iliyopita. Alikwenda Mariakani, kule karibu na Mombasa, kuziba magurudumu katika yadi ya malori. Alisema ni miezi mitatu tu. Apate pesa za mabati, arudi. Mwanzoni alipiga simu kila jioni. Baadaye kila Jumapili. Siku hizi hupiga anapokumbuka.

Kila lori la kutoka Mombasa lililosimama Malaba lilikuwa limepita Mariakani. Ndiyo maana Akwii alikuwa na tabia moja ambayo hakumwambia mtu. Alitazama magurudumu. Akiona gurudumu lenye kiraka kipya, alijiuliza kama ni mkono wa Okwakol uliokiweka. Aliinama kukitazama.

"Unatafuta nini huko chini?" Apolot alimuuliza. "Umepoteza sarafu?"

"Sijapoteza kitu. Twende."

Walivuka, wakanunua njugu upande wa pili. Akwii alinunua magunia mawili. Lakini mpakani magunia mawili hayavuki yakiwa magunia mawili. Akina mama wa hapa wana mtindo wao. Mzigo hugawanywa kwa watu sita, kila mmoja akabeba kidogo kichwani. Akiulizwa, husema ni za kula nyumbani. Mzigo mdogo hauulizwi maswali mengi. Wakifika upande wa Kenya, mizigo hukutana tena ikawa magunia mawili. Wamefanya hivyo miaka mingi. Ukimuuliza mmoja wao mali hii ni ya nani, atakutajia wenyewe sita kabla hujamaliza swali.

Kesho yake, Akwii alikuwa uani akimenya njugu kwa vidole. Binti yake wa kwanza, Vivian, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa akiosha vyombo. Msichana mmoja akapiga hodi. Alivaa kitambulisho kifuani na alishika simu pana kama sinia.

"Habari, mama. Mimi naitwa Sharlyne. Natoka kwa utafiti wa kaunti. Tunauliza watu vile wanaishi na kazi wanafanya. Nyumba yako imechaguliwa tu kama kura. Ukikubali nitakuuliza maswali. Ukikataa pia ni sawa."

Akwii alikitazama kile kitambulisho. Kwa mtu wa mpakani, mwenye kitambulisho kifuani na maswali mdomoni hutafuta jambo moja tu: kodi. Lakini kumfukuza mgeni ni aibu, kwa hiyo akamvutia kiti.

"Hapa mnaishi watu wangapi, mama?"

"Tuko watano. Mimi, bwana yangu, na watoto watatu."

Sufuria ya Vivian ilinyamaza.

"Mzee ako?"

"Ako. Ametoka kidogo."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi wa magurudumu. Ameandikwa. Analipwa kila mwezi."

"Na wewe, mama? Uko na biashara yoyote?"

"Mimi? Hapana. Mimi ni mtu wa nyumba tu."

Sharlyne aliyatazama magunia. "Na hii njugu yote?"

"Hiyo ni ya watu," Akwii alijibu bila kupepesa. "Hiyo moja ni ya Apolot. Hiyo ingine wamegawana akina Amuron, wako kama watano hivi. Mimi nawawekea tu."

"Haya. Swali la mwisho. Ukiangalia maisha yako, kutoka sifuri mpaka kumi, unaona uko ngapi? Kumi ndiyo maisha mazuri kabisa."

"Kumi," alisema Akwii. "Mungu ni mwema."

Sharlyne aliandika, akashukuru, akaenda. Hakuwa na kosa. Kazi yake ni kuandika anachoambiwa. Lakini ndani ya nusu saa nyumba ya Akwii ilikuwa imepinduliwa chini juu. Baba asiyekuwepo alikuwa nyumbani na mshahara wake. Mama anayelisha watu wanne hakuwa na kazi. Na maisha yao yalikuwa kumi kwa kumi, hata malaika wangeona wivu.

"Mama," Vivian alisema, "kwa nini umesema baba ako?"

"Kwani baba yako hana kwao?"

"Ako na kwao. Lakini hayuko."

"Osha vyombo."

Wiki tatu zikapita. Jumamosi moja, Akwii, Apolot na Vivian walikuwa wameketi mkekani wakimenya njugu. Mwanamke wa makamo akaingia uani. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Aliwasalimu kwa Kiteso chake kibovu, "Yoga!" nao wakacheka wakamwitikia. Hakungoja kiti. Aliketi mkekani, akachota njugu, akaanza kumenya.

"Mimi naitwa Brigid," alisema. "Kwetu ni Khunyangu, huko Butula. Mimi ndiye msimamizi wa Sharlyne, yule msichana alikuja hapa. Kila mara tunarudi kwa nyumba chache, kuhakikisha tuliandika vizuri. Lakini leo nimekuja na shida pia. Nisaidieni."

"Shida gani, madam?" aliuliza Apolot, masikio yamemsimama.

"Tumeuliza watu wa mpakani. Wanasema kila Jumanne njugu zinavuka, zinapakiwa boda, zinakuja Moding. Sawa. Halafu tumeuliza nyumba arobaini hapa Moding. Hakuna mtu anauza njugu. Hata mmoja! Sasa hizi njugu zikifika hapa zinaenda wapi? Zinapaa mbinguni?"

Apolot aliangua kicheko mpaka njugu zikammwagika mapajani. Akwii hakucheka. Aliinamisha kichwa.

"Madam, tunaogopa," alisema mwishowe. "Tukisema tuko na biashara, kesho watu wa kodi watakuwa hapa."

"Ningekuwa wewe pia ningeogopa," alisema Brigid. "Lakini sikiliza, Mama Vivian. Kodi ni kazi ya watu wengine. Utafiti ni kazi ingine. Jina lako linabaki kwetu. Tukitoa majibu, hatusemi Akwii amesema hivi. Tunasema Moding iko hivi."

"Na nitajuaje wewe si mwongo?"

"Umeuliza vizuri. Mtu wa utafiti wa kweli anakuonyesha kitambulisho. Haombi pesa. Haombi namba ya siri ya simu yako. Na ukiwa na shaka, mwambie angoje, upigie chifu kwanza. Akikimbia, umemjua."

Akwii alichukua simu yake pale pale, akampigia chifu. Chifu alithibitisha. Brigid hakukasirika. Aliendelea kumenya njugu.

"Na kwa nini mimi?" Akwii aliuliza. "Si mwende kwa wenye maduka?"

"Wenye maduka tunawaona kutoka barabarani. Wewe hatukuoni. Mtu akinunua kitu akiuze apate faida, hiyo ni biashara, hata kama duka lake ni mkeka. Tena hatuwezi kuingia kila nyumba. Tunachagua chache. Mama Vivian, ukipika maharagwe, unaonja sufuria yote?"

"Naonja mbili tatu tu."

"Basi wewe ndiyo hiyo maharagwe nimeonja. Ukijifanya umeiva na hujaiva, nitapakua sufuria nzima ikiwa mbichi. Majirani wako wote watakula hiyo."

Apolot aliguna. Yeye pia alikuwa ameulizwa, na yeye pia alisema hana biashara.

Brigid alipanga maganda matatu ya njugu mkekani. "Hii ni Khunyangu. Hii ni Rukala, huko Budalang'i. Hii ni Moding. Zote ziko Busia, lakini maisha si sawa. Kazi yetu ni kujua tofauti iko wapi, na ni kubwa kiasi gani. Rukala mtu anakuambia ako na ekari tatu. Ni kweli. Lakini mto ukifurika, hizo ekari ziko chini ya maji. Ukiandika shamba peke yake, utasema ni tajiri. Ndiyo maana tunauliza na mambo mengine. Jana mlikula mara ngapi? Maji mnachota wapi? Mtoto akiugua mnaenda wapi? Moyo wako uko aje?"

"Hata moyo mnapima?" aliuliza Vivian.

"Tunajaribu. Mtu anaweza kuwa na ng'ombe na asiwe na usingizi."

Kisha akaligusa ganda la Moding. "Mwaka huu kaunti inatafuta mahali akina mama wanafanya biashara bila vifaa. Huko ndiko watapeleka mashine, kama ya kumenya njugu. Khunyangu akina mama walisema wazi wanauza nini. Karatasi ya Moding inasema akina baba wote wako nyumbani na mishahara, na akina mama wamekaa tu. Sasa wewe, ungepeleka mashine wapi?"

Akwii alitazama vidole vyake. Vilikuwa na malengelenge. Kumenya magunia mawili kulimchukua siku tatu, na siku tatu hizo wenye mashine kwingine walikuwa wamekwisha kuuza.

"Mficha uchi hazai," alisema Apolot. "Mama Vivian, sema. Na mimi nitasema."

Brigid akafungua simu yake pana. "Tuanze upya. Hii njugu ni ya nani?"

Akwii akapiga moyo konde. "Ni yangu. Gunia zote mbili. Nanunua kila Jumanne, namenya, nauza hapa na Malaba. Nimefanya hivi miaka sita."

Ajabu, hakuanguka. Mbingu haikupasuka. Badala yake alijisikia vizuri, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa amewasingizia wengine. Alijibu kuhusu chakula, maji na hospitali. Aliuliza hata kuhusu kuvuka mpaka, na Brigid akamwambia kuna utaratibu rahisi kwa wenye mizigo midogo, aulize pale pale mpakani, aache kugawa mali yake kama urithi wa marehemu.

"Haya. Usiku wa jana, watu wangapi wamelala hapa?"

"Tuko wata..."

"Wanne," alisema Vivian.

"Nyamaza!" Akwii alimkemea. Sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka. "Nani amekuuliza?"

Vivian aliinama, machozi yakamlengalenga.

"Madam, hilo liandike tu vile lilikuwa," Akwii alisema. "Andika watano."

"Mzee anarudi lini?"

"Atarudi."

"Alitoka lini?"

Akwii alimenya njugu moja, akamenya nyingine. Kisha maneno yakamtoka yenyewe. "Ni miaka miwili na miezi minne. Ako Mariakani. Pesa hatumi tena. Najua hayuko, madam, mimi si mjinga. Lakini nikisema hayuko na wewe uandike, naona ni kama nimemzika kwa mikono yangu."

Brigid aliweka simu chini. "Baba yetu alienda kutafuta kazi nikiwa darasa la pili," alisema. "Mama alimhesabu miaka tisa. Akiulizwa, anasema ako, ametoka. Kwa hivyo kila mtu alijua ile ni nyumba ya baba. Hakuna mtu alimuuliza mama unawezaje peke yako. Hata kikundi cha wajane kilimkataa, na hata kikundi cha wenye waume kilimcheka."

"Alirudi?"

"Alirudi. Akiwa mzee na mgonjwa, lakini alirudi. Mama Vivian, karatasi yangu haiziki mtu. Haiulizi unampenda nani. Haiulizi unamngoja nani. Inauliza tu nani anakula na kulala hapa, ili tujue mzigo umebebwa na nani."

Akwii alijifuta macho kwa ncha ya leso yake. Alimvuta Vivian karibu, akamshika bega.

"Andika wanne," alisema.

"Na kichwa cha nyumba? Ule mtu anaamua mambo ya kila siku?"

"Ni mimi."

"Na maisha yako, sifuri mpaka kumi?"

Akwii alifikiri. Safari hii hakumsingizia Mungu. "Chakula tunapata. Watoto wanasoma. Ningesema sita. Lakini kuna mtu ninamkosa. Toa mbili."

Brigid aliandika nne.

Habari ikatembea Moding kama moto wa nyasi kavu, na mwenye kiberiti alikuwa Apolot. Wengi wa wale waliokuwa wamesema hawana biashara walimtafuta Brigid kwa chifu, wakaomba waulizwe tena. Karatasi ya Moding ikabadilika. Sasa ilionyesha akina mama wengi wanaofanya biashara na kuendesha nyumba peke yao, na hawana chombo cha kazi hata kimoja.

Mwezi wa kumi Moding ikawa kwenye orodha ya mashine. Khunyangu nayo ilipata haki yake, kwa sababu ukweli wa huku hauufuti ukweli wa kule. Akina mama kumi na wanne wa Moding wakajiandikisha kuwa kikundi. Wakajengewa banda la mabati. Mashine ya kumenya njugu ikaja ikiwa juu ya pikapu, na Apolot akaikumbatia mbele ya watu bila haya. Kazi ya siku tatu ikawa kazi ya saa moja. Njugu za Akwii zikawahi soko, bei ikawa nzuri, na malengelenge ya vidole yakapona.

Moyo wake, huo haukuwa na mashine. Hata sasa akienda Malaba alitazama magurudumu.

Jumamosi moja ya Novemba, mashine ikiwa inanguruma, simu yake ililia. Alikuwa Okwakol. Akwii akatoka nje ya banda, lakini kelele zikamfuata.

"Hiyo ni kelele gani?" Okwakol aliuliza.

"Mashine ya njugu. Ni ya kikundi chetu."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza." Akwii akaihamishia simu sikio la pili. "Baba Vivian, kuna kitu nataka kukuambia. Watu wa utafiti walikuja hapa. Nimewaambia hauko."

Akwii alisikia pampu ya upepo ikipuliza gurudumu la mtu, mbali sana, upande ule mwingine wa nchi.

"Umesema siko?"

"Kwanza nilisema uko. Nikasema umetoka kidogo. Halafu nikashindwa."

Okwakol alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Hata huku walikuja mwaka jana, wakiandika wapangaji. Nikawaambia mimi siishi hapa. Mimi ni mtu wa Moding, hapa napita tu. Wakaniuliza, unapita tangu lini? Nikakosa jibu."

Akwii akaegemea ukuta wa banda. Kumbe mtu mzima, mwenye mikono miwili na sauti nzito, hakuwa ameandikwa popote. Moding ilimtoa kwa sababu hayuko. Mariakani aliikataa kwa sababu moyo wake hauko.

"Mimi nilidhani umetusahau," alisema.

"Niliona haya. Nilitoka nikisema mabati, na mabati sijanunua. Nirudi nikisema nini?"

"Mabati nilinunua mimi. Mwezi wa nane."

Okwakol alishusha pumzi ndefu. Hakusema pole, hakusema asante. Aliuliza swali ambalo Akwii hakulitarajia.

"Hao watu wa utafiti, watarudi?"

"Watarudi mwakani, mwezi wa sita unapoanza. Nyumba zile zile."

"Wakinikuta, wataniandika?"

"Brigid anasema mtu wa nyumba ni yule amekaa hapo miezi sita. Ukija siku mbili kabla, wewe ni mgeni."

Akwii alimsikia akihesabu kwa sauti ndogo, mwezi baada ya mwezi, akirudi nyuma. Juni. Mei. Aprili. Mwishowe akafika Desemba.

"Desemba inaanza baada ya wiki mbili," alisema. "Kuna dereva anakuja Malaba Alhamisi. Lakini sina kitu, Akwii. Nitakuja mikono mitupu."

Ndani ya banda Apolot alikuwa akimwita kwa kelele, zamu yake ya mashine imefika. Akwii aliyazuia machozi, yakamshinda, akayaacha.

"Usilete kitu," alisema. "Njoo tu, tuhesabiwe watano."